Stebilaiza ya Mabira na Nati Iliyobaki Mfukoni

Mwalimu wenu wa umeme alinifuata dukani kwangu hapa Kayanga akaniambia, "Mzee Projestus, mradi wa vijana wangu mwaka huu ni kutengeneza stebilaiza ya nyumbani. Waandikie ukurasa mmoja, uwaambie wasife." Nikamjibu kwamba ukurasa mmoja haunitoshi hata kumaliza kujisifu. Akacheka, akadhani natania.

Basi tuanze na sifa tuzimalize, halafu tufanye kazi. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Umeme sikufundishwa na ubao wala chaki. Lakini kutoka Ihembe mpaka huko Kyerwa, ukiona nyumba ambayo taa zake hazijawahi kulalamika, uliza nani alifunga waya. Kuna mtu nilimfungia waya akiwa kapera, nikarudi kumfungia chumba cha watoto, juzi nimemfungia ukumbi wa harusi ya binti yake. Stebilaiza nimetengeneza kwa mikono hii, transfoma nimezisuka mwenyewe, na mafundi wenye vyeti wamezifungua kuangalia nimefanyaje, wakazifunga kimyakimya. Magoti yalipogoma kupanda dari nikastaafu. Sasa nauza soketi, nyaya na ushauri. Ushauri ni bure, ndiyo maana watu hawauchukui.

Pamoja na hayo yote, nusura niue watu kwa nati moja. Hilo ndilo ninalotaka kuwaandikia. Lakini lazima kwanza mjue boksi lenyewe, la sivyo hamtaelewa nati ilikuwa inafanya nini.

Umeme wa mwisho wa laini ni kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya mwisho wa sherehe. Wa mbele wamekunywa, wa katikati wamekunywa, wewe wa mwisho unaletewa machicha. Jioni kila mtu akiwasha taa na pasi, kule mwisho volti zinashuka mpaka mia na hamsini. Taa inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Friza inajaribu kuamka, inanguruma, inashindwa, inajaribu tena, mpaka mota yake inaungua. Kazi ya stebilaiza ni kupokea machicha na kutoa pombe nzuri: inaingia mia na hamsini, inatoka mia mbili na ishirini. Ndani kuna transfoma yenye matawi kadhaa, na rilei zinazochagua tawi kulingana na umeme ulivyo saa hiyo. Mkisikia tak, tak, hiyo ni rilei inabadilisha tawi. Na mkiona friza haiwaki mara moja umeme unaporudi, msiigombeze. Boksi zuri linaisubirisha dakika tatu hivi ili gesi itulie. Nimewahi kuitwa Ihembe kutengeneza stebilaiza ambayo ilikuwa inasubiri tu. Nilikaa, nikaomba maji ya kunywa, nikayanywa polepole, friza ikawaka. Mwenye nyumba mpaka leo ananiita mganga, na mimi sijamkatalia.

Jambo moja mlishike kabla hatujaenda mbali. Transfoma ya boksi hili haikutengi na umeme wa gridi. Wengi wanasikia neno transfoma wanadhani upande wa pili ni salama. Hapana. Waya wa moto unaoingia na unaotoka ni ndugu wa tumbo moja. Ukishika huku umeshika kule.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Bizimana. Wazazi wake walikuja huku kutoka Burundi kulima, yeye akaangukia kwenye karakana ya misheni akawa fundi. Alikuwa mfupi, mpole, na alikuwa na kawaida moja iliyonichekesha: akifungua kitu chenye umeme, mkono wa kushoto anautia mfukoni. Mvua, jua, juu ya ngazi, mkono mfukoni.

Nikamuuliza, "Mzee, umeficha nini huko?"

"Moyo wangu," akasema. "Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, unapita kifuani. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, njia imefungwa."

"Na ukiwa huna mfuko?"

"Sitengenezi umeme bila suruali, Projestus."

Alinifundisha pia kutoiamini testa. Kabla ya kupima mahali unapodhani hapana umeme, pima kwanza mahali unapojua upo. Testa ikisema upo, nenda kapime pale pa mashaka. Halafu rudi tena pale pa kwanza, uone kama testa bado ni nzima. Mara tatu. Nilikuwa naona ni uzee. Siku moja betri ya mita yangu ilikufa nikiwa juu ya dari, mita ikaniambia hakuna kitu, na palikuwa na kitu. Nilishuka chini bila kutumia ngazi. Tangu siku hiyo napima mara tatu.

Na mkishamaliza kusuka boksi lenu, msilichomeke moja kwa moja ukutani kama watu wanaowahi mechi. Tafuteni balbu ya zamani, ile ya uzi yenye kuchoma vidole, ya wati mia. Umeme upite kwanza kwenye balbu, ndiyo uingie kwenye boksi. Boksi likiwa zima, balbu inamulika kidogo kisha inafifia. Likiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote, na hasara yako ni mwanga tu. Bila balbu, hasara ni fyuzi, transfoma na nyusi. Mimi nyusi hizi ni za pili.

Tena stebilaiza yangu ya kwanza niliisuka, nikaifunga, nikaichomeka mbele ya watu, nikijua nakwenda kuwashangaza. Ikawashangaza kweli. Iliingia mia na themanini ikatoka mia na arobaini. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba umeme wa siku hiyo una kasoro. Mzee Bizimana akangoja watu waondoke, akaniambia nimeunga koili ya kuongezea kinyumenyume. Badala ya kusukuma ilikuwa inavuta. Tangu hapo kila koili nikianza kuisuka, mwanzo wake naupaka rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu ni mwanzo. Mke wangu alilalamika, nikamwambia hakuna kucha katika wilaya hii zilizoleta maendeleo kama zake.

Sasa tuje Mabira, huko Kyerwa.

Mama Adelina ni mjane, ana ng'ombe wazuri, na alikuwa ameanzisha mradi na akina mama wenzake: wanakusanya maziwa nyumbani kwake, wanayapoza, yanapelekwa mjini yakiwa baridi. Friza walikuwa nayo. Umeme walikuwa nao, lakini wa machicha. Maziwa yalikuwa yanachachuka, na akina mama walianza kurudi mmojammoja kuuza kwa vikombe njiani. Akanipigia. Nikamwambia, "Mama Adelina, umempata mwenyewe."

Nilimtengenezea boksi ambalo mpaka leo najivunia. Transfoma nzito, bati nene, soketi ya kutokea friza ubavuni. Tundu zote za bati zinazopitisha waya nilizivisha mpira uliokatwa kwenye kandambili, maana ukingo wa bati ni kisu, na waya ukisuguana na kisu kila siku, siku moja kisu kinashinda. Dukani nililijaribu kwa balbu, likapita. Nikalibeba mpaka Mabira.

Kule nilianza na nyumba. Msiwahi kufunga kifaa kizuri kwenye nyumba msiyoijua. Nilikuta soketi imefungwa kinyume, waya wa moto umekaa mahali pa nyutro. Nikageuza. Nikapigilia fimbo mpya ya ethi, ile inayoupeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye migomba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, maana ethi inapenda udongo usiokauka. Nikafungua boksi, mkono mfukoni, nikapima umeme wa hapo na kuchagua matawi yanayofaa. Kisha nikazima meni swichi nimalizie ethi ya boksi.

Hapa nisikilizeni vizuri. Ndani ya boksi, chini, kuna bolti moja iliyosimama. Nyaya tatu za ethi zinakutana hapo: unaotoka ukutani, unaoshika bati la boksi, na unaokwenda kwenye friza. Kila mmoja una pete ya shaba mwishoni. Unazivisha pete kwenye bolti, unaweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, unakaza nati. Nilikuwa nimevisha pete zote tatu, nimeweka washa, nati iko kwenye vidole vyangu, ndipo Kaaka akaingia.

Kaaka ni bibi, kwa lugha ya nyumbani. Huyu alikuwa mama mkwe wa Mama Adelina, mzee kweli, mgongo umekunjika lakini macho yanaona mpaka ng'ambo. Ameshika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa. Ninyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa. Mgeni hapewi kahawa akasema subiri. Na haipokelewi kwa mkono mmoja kama unapokea chenji ya nauli. Ni mikono miwili, na mwili unainama kidogo.

Mimi niliyefundishwa mkono mmoja mfukoni, nikatia nati kwenye mfuko wa shati, nikapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Kaaka."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Ihembe, waitu," nikasema kwa neno letu la heshima. "Kwa sasa nipo Kayanga."

"Ihembe kwa nani?"

Mnajua swali hilo halina jibu fupi. Tulipita kwa baba, kwa babu, kwa shangazi aliyeolewa Mabira akafia Mabira, mpaka ikaonekana Kaaka alicheza ngoma kwenye harusi ya shangazi yangu. Akina mama wa mradi nao wakaanza kuingia, wananiangalia kama askofu. Mmoja akasema, "Fundi, tumesikia wewe hushindwi." Nikasema waliyoyasikia ni nusu tu.

Nikarudi kwenye boksi kifua mbele. Nikachungulia. Nyaya tatu zimekaa kwenye bolti kama kuku watatu kwenye kijiti. Jicho la fundi aliyesifiwa halioni kwamba nati haipo. Nikafunika boksi, nikakaza skrubu za juu zote nane, nikawasha meni swichi kwa kidole kimoja huku mkono wa kushoto uko mfukoni kwa mazoea. Mita ikasoma mia mbili na ishirini. Tak, tak. Dakika zake tatu zilipokwisha friza ikanguruma kwa mara ya kwanza bila kukohoa, vigelegele vikapigwa, nikaaga kama waziri. Kahawa niliyobakiza nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Asubuhi yake nilikuwa nyumbani Kayanga nakunywa chai. Mke wangu anafua nje. Akaniita, "Baba Koku, siku hizi kahawa ya Mabira inakuja na vyuma?"

Nikatoka. Kwenye kiganja chake kuna punje tano za kahawa na nati moja ya shaba.

Sikukaa hata sekunde kujiuliza ni ya nini. Fundi anaijua nati yake kama mama anavyoijua kandambili ya mtoto wake. Nikaichukua kwenye kiganja chake.

"Nini?" mke wangu akauliza.

"Sijakaza ethi."

Niwaelezeni kwa nini niliogopa. Ethi ikikosekana tu, siku nyingi hakuna kinachotokea, unakuwa tu huna mlinzi. Lakini pete ile inayokwenda kwenye friza haikuwa imefungwa na kitu. Boksi likitikiswa, pete inachomoka kwenye bolti. Ikichomoka inaangukia wapi? Vidole viwili kutoka pale nilikuwa nimeweka kituo, yaani kiungio, cha waya wa moto unaotoka. Pete ikigusa pale, mwili mzima wa friza unakuwa na umeme, mlango, mpini na kila kitu. Na fyuzi isingekatika, kwa sababu umeme usingekuwa na pa kwenda. Ungekaa tu kwenye bati unasubiri mtu. Nyumba ile haikuwa na breka ya kukata umeme unapovuja. Na mtu mwenyewe nilimjua: mama aliyetoka kukamua, mikono imelowa maziwa, hana viatu, sakafu imetoka kupigwa deki.

Nikapiga simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Saa hizo ndizo za kukusanya maziwa.

Nikachukua bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa anaendesha kwa adabu, kila kona anapunguza. Nikamwambia akaze.

"Mzee, unawahi mazishi?"

"Nawahi yasiwepo."

Akakaza mwendo. Kutoka Kayanga mpaka Mabira si mbio za kuku, mnajua wenyewe. Vumbi liliniingia mpaka kwenye meno na sikufunga mdomo, maana nilikuwa nasali. Mimi Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, siku hiyo nilisali rozari nzima kwenye bodaboda, nikihesabu kwa vidole kwenye bega la dereva. Kila nilipopiga simu, inaita, haipokelewi. Nikaanza kufikiria nitakavyosimama mbele ya watu wale waliopiga vigelegele. Nikafikiria vyeti ambavyo sina. Mtu mwenye cheti akiua, watu husema ni ajali. Mimi wangesema nini?

Tulipokata kona ya mwisho nikaona uwanja wa nyumba ya Mama Adelina. Umejaa watu. Akina mama wamekaa chini, ndoo za maziwa mbele yao, khanga wamejitanda mabegani. Hakuna anayecheka wala anayezungumza kwa sauti. Mnajua watu wakikaa hivyo kwenye uwanja wa nyumba maana yake ni nini. Nilishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama, nikaanguka kwa goti, nikainuka.

"Nani?" nikauliza. "Ni nani?"

Mama Adelina akatoka mlangoni. Mzima. Amekasirika.

"Afadhali umekuja," akasema. "Njoo uzungumze na Kaaka wako. Maziwa yanaharibika na yeye amekataa."

"Amekataa nini?"

"Friza isiguswe. Tangu jana. Ulipoondoka tu aliniamuru nichomoe plagi ya boksi ukutani. Simu yangu ameikalia, eti nisikuite, utarudi mwenyewe."

Ndani, Kaaka alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya friza, miguu ameinyoosha, kama askari wa benki. Plagi iko sakafuni. Boksi limewekwa juu ya stuli. Nikapiga magoti hapohapo mbele yake.

"Umerudi kuonja?" akaniuliza.

"Kuonja nini, Kaaka?"

"Mwanangu, kwenu Ihembe mtu akileta rubisi kwenye nyumba ya watu, nani anakunywa kwanza?"

"Aliyeileta."

"Kwa nini?"

"Watu waone haina sumu."

"Basi mimi jana nilikuwa nakutazama. Umeleta kitu chako, umekiwasha kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeuficha mfukoni, ukarudi nyuma. Friza hukuigusa. Mpini hukuushika. Ukachukua sifa ukaondoka. Nikasema huyu hajaonja. Pombe ya asiyeionja mwenyewe, mimi simnyweshi mkwe wangu."

Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja akasema, "Fundi, shika tu friza tumalize, maziwa yanachachuka." Vijana, nawaambia ukweli, kiburi changu kilininong'oneza. Chomeka, shika mpini, tabasamu, uondoke na jina lako. Pengine pete haijachomoka.

Lakini nilikuwa na nati kwenye ngumi yangu na ilikuwa imeloa jasho.

Nikamuuliza Mama Adelina, "Hili boksi nililiacha chini. Nani amelipandisha kwenye stuli?"

"Mimi, baada ya kuchomoa. Nilikuwa napiga deki. Ni zito, nililiinamisha kidogo."

Nikatoa mita. Nikaipima kwanza yenyewe, ncha kwa ncha, ikalia, maana hulia panapokuwa na njia ya umeme kupita. Kisha, plagi ikiwa bado sakafuni, nikatia ncha moja kwenye tundu la waya wa moto la soketi ya boksi na nyingine kwenye tundu la ethi. Hapo mita inatakiwa ikae kimya. Hakuna kazi nyingine inayotakiwa kufanya ila kukaa kimya.

Ikalia.

Ilikuwa sauti nyembamba tu, piii, kama kifaranga. Sitaisahau. Nikafungua skrubu nane. Pete ya friza ilikuwa imechomoka kwenye bolti na imelala juu ya kituo cha waya wa moto, imetulia kama paka kwenye kiti. Mtu yeyote angechomeka plagi ile na kushika mpini, angekuwa ameshika umeme wa mia mbili na ishirini, na miguu kwenye maji.

Nikaketi sakafuni. Nikawaonyesha wote. Sikutafuta maneno mazuri. Nikasema, "Hii nati ilitakiwa iwe hapa. Ilikuwa kwenye mfuko wangu. Mngechomeka plagi mkashika friza asubuhi hii, mimi nisingepata usingizi mpaka kaburini, na mmoja wenu angekuwa ametangulia." Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Adelina alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia tena.

Kaaka akaniuliza iliingiaje mfukoni. Nikamwambia ukweli: "Ulileta kahawa, nikapokea."

"Kwa hiyo kahawa yangu nusura iue watu."

"Hapana, Kaaka. Ni mimi."

"Ungeniambia ngoja."

"Mzee anaambiwaje ngoja?"

"Anaambiwa, 'Kaaka, ngoja, nimeshika kitu kibaya.' Mimi nimengoja mvua, nimengoja watoto, nimemngoja mume wangu amalize maneno yake. Nitashindwa kungoja nati?"

Andikeni hilo kwenye daftari zenu za mradi, kabla ya michoro. Sisi huku tunalelewa hivi, mkubwa akiingia unaacha ulichoshika. Ni malezi mazuri na msiyaache. Lakini mkiwa na boksi wazi mbele yenu, heshima ya kweli ni kusema ngoja kwa sauti ya upole, kumaliza hatua, kuzima, kufunika, ndipo kuamkia. Na ukishakatizwa, usiendelee pale unapodhani ulifikia. Rudi mwanzo. Mimi tangu siku ile nati zangu na skrubu zinakaa kwenye kopo tupu la rangi mbele ya macho. Kopo likiwa na kitu, boksi halifungwi. Mfuko wa shati ni wa kalamu, na mimi kalamu nilikuwa sinayo.

Siku ile nilifanya upya kila kitu, na safari hii hakuna aliyenisifu, kwa hiyo niliona vizuri. Pete tatu, washa ya kawaida, washa ya springi, nati, na nati ya pili juu yake. Kituo cha waya wa moto nikakivika mpira. Mita kati ya ethi ya plagi na bati la boksi: ikalia, vizuri. Kati ya ethi ya plagi na mwili wa friza, friza ikiwa imechomekwa kwenye boksi: ikalia, vizuri. Kati ya moto na ethi: kimya. Nikapima tena. Kimya. Nikaomba hata Mama Adelina asikilize, akainama na sikio lake, akasema, "Sisikii kitu." Nikamwambia hicho ndicho tunachotafuta. Kisha nikawasha kupitia balbu, ikafifia kama inavyotakiwa. Nikaondoa balbu, nikachomeka ukutani. Mita kati ya mwili wa friza na fimbo ya ethi kule migombani, kwa waya mrefu: sifuri. Wiki iliyofuata nilirudi kuwafungia breka ya kukata umeme unaovuja. Ninyi ifungeni siku ya kwanza, msisubiri kupata hofu yangu.

"Sasa onja," Kaaka akasema.

Naombeni mnielewe: kuonja ni kwa mwisho, baada ya mita kusema mambo yote. Mkono si mita. Lakini mita ikishamaliza, fundi asiyethubutu kushika kazi yake asimwambie mtu mwingine aishike. Nikavua viatu, nikasimama kwenye sakafu yao iliyolowa kama wanavyosimama wao. Nikagusa mpini kwa mgongo wa mkono. Hakuna kitu. Nikaushika kwa kiganja. Baridi tu, baridi nzuri ya chuma. Nikafungua mlango, nikaegemeza paji la uso kwenye bati la friza, na nadhani nilikaa hapo muda, maana nilisikia Mama Adelina akisema, "Mwacheni, anapumua."

Ndoo zikaanza kuingia. Maziwa mengine yalikuwa yamechachuka, wakayaweka pembeni kwa ajili ya mtindi. Wakarudi kucheka, mmoja akauliza kama nati za Kayanga zinapikwa na njegere au na maharage. Nilikubali kila utani. Mtu ambaye hakuua hana sababu ya kununa.

Boksi lilikuwa limefungwa. Kopo lilikuwa tupu. Kaaka akaja polepole na kile kikapu chake kidogo, akasimama mbele yangu, hakuninyooshea. Akatazama boksi, akanitazama.

"Ningoje?" akauliza.

"Hapana, Kaaka," nikasema. "Nimemaliza."

Nikapokea kwa mikono miwili.